Namna ya Kutuliza Maumivu ya Kiungo cha Taya

Weka vidole mbele kidogo ya masikio, kisha fungua na kufunga kinywa polepole: utahisi kichwa cha taya kikiteleza chini ya ngozi. Ndani ya kiungo hicho mna kisahani cha gegedu, na kikisogea mahali pake huweza kulia "tak" unapopiga mwayo. Mlio usio na maumivu kwa kawaida hauhitaji tiba. Maumivu yenyewe mara nyingi hutoka kwenye misuli ya kutafuna, iliyochoka kwa sababu mtu husaga meno usingizini au huyakaza mchana kutwa bila kujitambua.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni kupumzisha taya. Midomo ikutane, meno yaachane, na ncha ya ulimi itulie kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya mbele ya juu, kama unayetaka kutamka "n". Nalisisitiza hili kuliko zoezi lolote jingine, kwa kuwa meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana muda wote, bali wakati wa kutafuna na kumeza tu. Jikague kila unaposimama kwenye foleni au kuinamia simu.

Baada ya hapo, chovya kitambaa katika maji ya moto yasiyounguza, kikamue, na ukiweke shavuni kwa dakika 15. Misuli ikishalegea, simama mbele ya kioo, ulimi ukiwa bado kaakaani, ufungue kinywa mpaka pale ulimi unapokaribia kubanduka, huku ukiangalia kidevu kishuke wima bila kupinda upande. Fanya hivyo mara 6, kwa awamu 6 kwa siku. Ndiyo hesabu ya mazoezi ya Mariano Rocabado, mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Chile. Usilazimishe kinywa kupanuka kwa vidole, kwani misuli iliyokasirika hujibu kwa kukaza zaidi.

Kwa majuma machache acha miwa, mahindi ya kuchoma, chingamu na mirungi, ambayo hutafunwa kwa saa nyingi mfululizo upande mmoja.

Taya likigoma kufunga, au shavu likivimba pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usichelewe hata kidogo ikiwa taya linakakamaa baada ya kupata jeraha, kwa maana huenda ni pepopunda, au ikiwa maumivu yake yanaandamana na kubanwa kifua.