Jinsi ya kupanga safari fupi ya tamasha la opera la Savonlinna, kandokando ya Ziwa Saimaa

Savonlinna ni mji mdogo uliojengwa juu ya visiwa vya Ziwa Saimaa, mashariki mwa Ufini. Kila mwaka ifikapo Julai, ua wa ngome yake ya kale, Olavinlinna, hugeuzwa ukumbi wa opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Naishi Helsinki, na nimeshawapangia safari hii ndugu na marafiki waliotoka Mombasa, Dar es Salaam na Muscat, kila kundi kwa siku tano hivi. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoutumia mwenyewe, na msingi wake ni mmoja: usiku wa opera ndio nguzo ya safari, na mambo mengine yote, kuanzia viza hadi kitanda, huizunguka nguzo hiyo. Anayeanza kwa kutafuta nauli nafuu ya ndege, kisha akaanza kuuliza onyesho ni lini, mara nyingi hujikuta Savonlinna usiku usio na onyesho.

Hatua ya kwanza: chagua onyesho, ndipo uchague tarehe

Tamasha hili lilianzishwa mwaka 1912 na Aino Ackté, mwimbaji wa Kifini mwenye sauti ya soprano aliyekwisha kuimba katika Opera ya Paris na Metropolitan ya New York. Lilifanyika kwa miaka michache, likakatizwa na vita, likarudi mara moja moja, na tangu mwaka 1967 limekuwa likifanyika kila kiangazi, isipokuwa mwaka 2020, kwa takriban mwezi mmoja. Ratiba hutangazwa miezi mingi kabla. Ndani ya mwezi huo opera kadhaa hupishana, kwa hiyo wiki moja huenda ikakupa Verdi na wiki inayofuata ikakupa Mozart au kazi ya mtunzi wa Kifini.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuhudhuria opera, ushauri wangu ni kuchagua kazi yenye kwaya kubwa. Jukwaa la Olavinlinna ni pana kuliko lilivyo na kina, na mgongo wake ni ukuta wa mawe wa ngome yenyewe. Waimbaji themanini wanaposimama wakiwa wameegemeza sauti zao kwenye ukuta ule, msikilizaji anazisikia kifuani kabla hajazitambua masikioni. Opera ya watu wawili wanaonong’onezana mapenzi inaweza kuwa nzuri mno, lakini haikuhitaji usafiri hadi huku ili uisikie vyema. Kwa sababu hiyo hiyo ya upana wa jukwaa, kiti cha katikati, hata kiwe cha nyuma, nakipenda kuliko cha mbele kilicho pembeni kabisa, ambako shingo hupinda usiku kucha.

Soma hadithi ya opera hiyo nyumbani, taratibu, siku chache kabla ya safari. Maneno hutafsiriwa kwa maandishi yanayoonyeshwa karibu na jukwaa, kwa Kifini na Kiingereza, lakini anayekwenda akiwa anaijua hadithi huwa huru kuwatazama waimbaji badala ya kukimbizana na maandishi.

Hatua ya pili: pata kitanda siku ile ile unayonunua tiketi

Ukumbi wa ngomeni una viti 2,200 hivi, na mji wenyewe una wakazi wachache tu ukilinganisha na miji tuliyoizoea. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini vyumba vya Julai huisha mapema na bei zake hupanda. Zipo hoteli, zipo nyumba za wanafunzi zinazopangishwa wageni wakati wa likizo, na wapo wenyeji wanaokodisha nyumba zao kwa wiki za tamasha.

Kosa nililolifanya mara ya kwanza lilikuwa kuwawekea wageni wangu chumba katika mji mwingine, zaidi ya kilomita 60 kutoka Savonlinna, kwa sababu kilikuwa nusu bei. Opera ilimalizika karibu saa tano usiku. Treni ya mwisho ilikuwa imeondoka zamani na basi halikuwapo. Mama yangu mkubwa, ambaye alikuwa na miaka sabini, alikaa kwenye benchi kando ya maji kwa zaidi ya saa moja nikihangaika kutafuta teksi, na nauli yake ikala akiba yote tuliyodhani tumeipata. Tangu siku hiyo sipangi chumba ambacho mtu hawezi kukifikia kwa miguu kutoka ngomeni. Panga kulala walau usiku mbili: fika siku moja kabla ya onyesho na uondoke siku inayofuata au zaidi.

Hatua ya tatu: viza, bima na ndege

Wasomaji wenye pasi za Afrika Mashariki watahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufini ikiwemo. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45, kwa hiyo kwa safari ya Julai mimi huwataka watu wangu wawe wamewasilisha maombi ifikapo Aprili. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Ambatisha tiketi ya opera pamoja na uthibitisho wa malazi, kwa kuwa karatasi hizo mbili huonyesha wazi unakwenda wapi, lini, na kwa sababu gani.

Ndege nyingi hubadilishwa Istanbul, Doha, Amsterdam au Frankfurt. Jipe usiku mmoja Helsinki kabla ya kupanda treni, kwani ndege ikichelewa hutaki ikukoseshe opera yako.

Hatua ya nne: siku ya Helsinki, nenda Ateneum

Watu huniuliza wafanye nini Helsinki kwa siku moja, nami huwapeleka mahali pamoja tu: jumba la makumbusho ya sanaa la Ateneum, mkabala na stesheni kuu ya reli. Makusanyo ya jumba hilo yana picha ya Aino Ackté iliyochorwa na Albert Edelfelt mwaka 1901, na pia picha ya sehemu tatu ya Akseli Gallen-Kallela ya mwaka 1891, inayoonyesha kisa cha msichana aitwaye Aino katika utenzi wa taifa wa Wafini, Kalevala, ambaye aliona heri kufa maji kuliko kuozwa kwa mzee Väinämöinen. Katika tamasha la kwanza la mwaka 1912 iliimbwa opera ya Erkki Melartin iliyotungwa juu ya kisa hicho hicho, nayo inaitwa Aino. Anayeanzia mbele ya picha hizo hufika ziwani akiwa tayari anajua kwamba kwa watu hawa maji ni sehemu ya simulizi zao za ndani.

Gallen-Kallela huyo huyo alihamia na familia yake nchi ambayo leo ni Kenya, akaishi huko mwaka 1909 na 1910 na kuchora mandhari na watu wa karibu na Nairobi. Akipatikana mgeni kutoka Kenya, mimi humpeleka pia Tarvaspää, nyumba aliyojijengea msanii huyo Espoo, jirani na Helsinki, ambayo sasa ni makumbusho yake.

Hatua ya tano: treni, na namna ya kusoma saa

Panda treni iendayo Joensuu na ushuke Parikkala, ambako kiberenge huwa kinawangojea abiria wa Savonlinna. Safari nzima kutoka Helsinki huchukua zaidi ya saa nne. Nunua tiketi moja ya safari yote, si mbili mbalimbali, ili treni ya kwanza ikichelewa usibaki umesimama Parikkala na tiketi isiyokufaa. Dakika za mwisho kiberenge huvuka mlango wa maji wa Kyrönsalmi. Acha simu, chungulia dirishani. Shuka kituo cha katikati ya mji, karibu na soko.

Saa za Ufini wakati wa kiangazi ni zile zile za Nairobi na Dar es Salaam. Muscat iko mbele kwa saa moja, na Lubumbashi na Kigali ziko nyuma kwa saa moja. Hata hivyo, tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Ukiona 19.00, toa sita: utapata kumi na tatu, yaani saa moja jioni. Andika saa hiyo kwa kalamu juu ya tiketi kwa hesabu yetu. Inaonekana kazi ya kitoto, lakini inamwondolea wasiwasi mzee ambaye maisha yake yote amehesabu saa kuanzia jua linapochomoza.

Hatua ya sita: siku ya opera yenyewe

Asubuhi nenda ngomeni kama mtalii, kwa tiketi ya kawaida ya matembezi, na hakikisha siku iliyotangulia ni saa ngapi milango inafungwa, kwa sababu siku za maonyesho maandalizi huchukua nafasi. Olavinlinna ilianza kujengwa mwaka 1475 na Erik Axelsson Tott ili kuulinda mpaka wa mashariki wa himaya ya Uswidi dhidi ya watu wa Moscow. Ina minara mitatu na imesimama juu ya mwamba katikati ya mkondo wenye nguvu. Mweleze mwenye magoti mabovu kwamba ngazi za ndani ni nyembamba, za mawe, na nyingine hupinda. Mzee wa kundi anaweza kubaki uani, akatazama mafundi wakipanga jukwaa.

Mchana kula sokoni, kando ya maji. Kuna samaki wadogo waitwao muikku, wakubwa kidogo kuliko dagaa wetu, ambao hugaragazwa katika unga wa rai, nafaka iliyo ndugu wa ngano, kisha hukaangwa hadi wakauke nje na kubaki laini ndani. Huletwa juu ya sahani ya karatasi na kuliwa pamoja na mifupa yao. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa. Kipo pia kitumbua cha mji huo kiitwacho lörtsy, chapati ya duara iliyokunjwa nusu ikafanana na sambusa kubwa, yenye nyama au tufaha ndani. Kwa Mwislamu, aulize nyama ni ya nini kabla ya kununua, au achague ya tufaha.

Jioni vaa kana kwamba unakwenda Limuru au Lushoto mwezi wa Julai. Ua umefunikwa kwa turubai kubwa, kwa hiyo mvua haikusumbui, lakini upepo wa ziwani hupenya pembeni, na mawe hupoteza joto haraka. Mimi hubeba shuka nzito ya sufu kwa ajili ya magoti na mto mdogo wa kukalia. Viatu viwe bapa: njia ya kuingilia hupita juu ya daraja linaloelea, kisha juu ya mawe yaliyolainishwa na miguu ya karne tano, na kisigino chembamba hunasa.

Vuka daraja mapema, dakika arobaini na tano kabla. Simama katikati yake, uyatazame maji yanavyokimbia chini kwa kasi. Mkondo huo ndio uliowafanya wajenzi wachague mwamba ule. Mwanzoni mwa Julai jua huzama karibu saa tano kasoro robo usiku, na mwishoni mwa mwezi kabla kidogo ya saa nne, kwa hiyo unaingia mchana kweupe na kutoka katika mwanga wa samawati ambao si usiku wala si mchana. Wanaoswali wapange mapema magharibi yao, kwani huenda ikaangukia sehemu ya mwisho ya onyesho au muda mfupi baada yake. Wakati wa mapumziko usikimbilie foleni ya vinywaji mara moja. Baki kitini dakika chache, usikilize: turubai linapigwa na upepo, wapiga zeze wanajaribu nyuzi zao, na nje ya ukuta ndege wa majini wanaitana.

Hatua ya saba: siku ya baada ya opera

Hapa nawasihi watu wachague mahali pamoja, si matatu. Wapenda misitu waende Punkaharju, kigongo chembamba cha mchanga kilichoachwa na barafu ya kale, chenye urefu wa kilomita 7 hivi, kikipita kati ya maji pande zote mbili huku misonobari ikisimama juu yake. Kiberenge kile kile husimama Lusto, penye Makumbusho ya Misitu ya Ufini, na kutoka hapo unatembea. Julai matunda madogo ya samawati huwa yameiva msituni, na kwa desturi ya nchi kila mtu, hata mgeni, ana haki ya kuyachuma.

Wapenda majengo waende Kerimäki, kilomita zaidi ya 20 kutoka mjini, kuliona kanisa lililojengwa kwa mbao kati ya mwaka 1844 na 1847, linalohesabiwa kuwa kanisa kubwa kuliko yote ya mbao duniani. Lina nafasi ya kukaa watu 3,000. Angalia ratiba ya basi la kurudi kabla ya kupanda la kwenda, hasa Jumamosi na Jumapili.

Anayechagua Punkaharju anaweza kuchukua mizigo yake asubuhi na kuendelea moja kwa moja hadi Parikkala jioni bila kurudi Savonlinna, kwa sababu njia ni ile ile. Nunua lörtsy mbili sokoni kabla ya kuondoka, moja ya msituni na nyingine ya treni ya Helsinki.