Data zako za Google zimeshuka: zifungue hivi

Wiki haipiti bila mtu kuniletea laptopu na lalamiko lile lile: "Fundi, nimeshusha data zangu zote za Google, bando limekwisha, na hakuna kinachofunguka." Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mtu amebofya faili la zip (furushi lililobana mafaili mengi pamoja) mara mbili, Windows ikamwonyesha vilivyomo, akadhani keshafungua. Kumbe amechoma bambo tu kwenye gunia la mchele: punje ameziona, gunia bado limeshonwa. Akibofya ukurasa wa ndani, picha hazitokei. Akihariri kitu, hakihifadhiki.

Nitaeleza mafurushi ya Google Takeout, huduma ya Google ya kushushia nakala ya data zako, maana ndiyo yanayonijia zaidi. Ya Facebook na Instagram yanafunguliwa kwa njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: hesabu vipande

Unapoomba data zako, Takeout hukuuliza unataka .zip au .tgz, na kila kipande kisizidi ukubwa gani: GB 1, 2, 4, 10 au 50. Kama una GB 11 na umechagua GB 2, tegemea vipande sita hivi, vyenye namba 001, 002 na kuendelea mwishoni mwa jina. Vishushe vyote. Kiungo cha kushushia hufa baada ya siku 7 hivi, na kila kipande unaruhusiwa kukishusha mara 5 tu, kwa hiyo kwenye mtandao wa kukatikakatika chagua vipande vidogo.

Kabla ya kulaumu kompyuta, linganisha ukubwa wa kila kipande na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa Takeout. Kilichopungua kilikatika njiani: kifute, ushushe upya. Na jina likiishia na .crdownload, Chrome bado haijamaliza kazi yake. Kunywa chai kwanza.

Hatua ya 2: andaa mahali

Tengeneza folda yenye jina fupi, karibu kabisa na mwanzo wa diski. Mimi hutumia C:\T, basi. Windows kwa kawaida hukwama njia ya faili ikizidi herufi 260, na ndani ya Takeout kuna folda juu ya folda, zenye majina ya albamu kama "Harusi ya dada Morogoro siku ya pili". Ukitolea kwenye Desktop, ndani ya folda nyingine, ndani ya nyingine tena, utaambiwa njia ni ndefu mno.

Nafasi nayo: picha na video zilishabanwa tangu kwenye simu, hazibaniki tena. Furushi la GB 11 litatoa GB 11 nyingine. Uwe na GB 22 na ziada kidogo.

Halafu usitolee kwenye flashi. Mzee mmoja mstaafu alikuja na flashi mpya ya GB 32, tupu, inayokataa faili la GB 6. Alikuwa keshanunua ya pili, ya aina ile ile, nayo ikakataa. Flashi nyingi za ukubwa huo huja na mpangilio wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata ikiwa na nafasi tele. Dawa ni kuifomati kwa exFAT, ukijua kwamba kufomati kunafuta kila kilichomo.

Hatua ya 3: toa vyote, pamoja

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kila kipande cha zip kinafunguka peke yake, lakini ndani ya vyote mna folda moja yenye jina Takeout. Vitoe vyote mahali pamoja ili folda hizo ziungane.

Kwa Windows, bonyeza kipande kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Extract All", kisha futa njia inayopendekezwa uandike C:\T. Rudia kwa kila kipande. Kama ni vingi, weka 7-Zip, ni programu ya bure: hamishia vipande vyote ndani ya C:\T, vichague kwa pamoja, bonyeza kulia, na uchague "Extract Here". Usichague ile inayokitengenezea kila kipande folda yake.

Faili la .tgz ni gunia ndani ya gunia. Ukilitoa kwa 7-Zip unapata .tar, na hiyo .tar unaitoa tena. Kwenye Windows 10 za karibuni na Windows 11 unaweza kumaliza kwa mkupuo mmoja katika Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri:

tar -xzf jina-la-kipande.tgz -C C:\T

Mac inatoa kwa kubofya mara mbili, ila itakuwekea Takeout, Takeout 2, Takeout 3. Utaziunganisha mwenyewe.

Hatua ya 4: usitupe mafaili ya .json

Ukifungua Google Photos utakuta pembeni ya picha mafaili madogo ya .json. "Fundi, hizi takataka nimezifuta," aliniambia dada mmoja. Zile ndizo zilizobeba tarehe ya kupigwa picha, mahali, na maelezo aliyoyaandika mwenyewe. Picha inaweza kuwa kipande cha 1 na .json yake cha 3, ndiyo maana nimesisitiza kuunganisha.

Tarehe humo imeandikwa kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970. Ukiona 1577836800, hiyo ni Januari 1, 2020, saa tisa kamili usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Ilikuwa picha ya mkesha wa mwaka mpya.

Hatua ya 5: barua na namba za simu

Barua pepe zote zimo ndani ya faili moja la .mbox. Usilifungue kwa Notepad, itaganda. Weka Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, ongeza programu-jalizi yake iitwayo ImportExportTools NG, kisha uliingize faili kupitia hapo.

Namba za simu usizifungue kwa Excel kwa kubofya tu. Excel itadhani +255 ni hesabu, ile alama ya kujumlisha itapotea, na utaona kitu kama 2.56E+11. Zilizoanza na 0 zitapoteza sifuri. Ukihifadhi hivyo, umeziua. Unapoomba namba kwenye Takeout, chagua .vcf, faili la namba linalosomwa na simu, badala ya .csv, ambayo ni jedwali, uipeleke moja kwa moja kwenye simu.

Ukimaliza, acha vipande vya mwanzo kwenye diski ya pembeni mpaka utakapokuwa umefungua picha kadhaa za miaka tofauti na barua chache za zamani.

Kazi hii usiifanye kwenye kompyuta ya kukodi. Mafurushi ya Takeout hayana nywila. Mara mbili nimekuta kwenye folda ya Downloads, kwenye mashine inayokaliwa na watu thelathini kwa siku, vipande vya takeout vya mteja aliyelipa akaondoka. Nilivifuta bila kuvifungua, nikamwaga na Recycle Bin.