Kuchanganya mbinu za tiba ya maongezi bila kumchanganya mteja: hatua ninazofuata hapa Moshi

Nimemaliza kumsimamia mshauri nasaha mpya katika kituo kimoja cha afya Moshi vijijini, na swali lililomsumbua ni lile wengi huniletea. Amefundishwa tiba ya fikra na tabia (kubadili namna ya kufikiri na kutenda), amehudhuria semina ya mahojiano ya kuhamasisha (maswali yanayomsaidia mteja aone mwenyewe sababu ya kubadilika), amesoma kidogo tiba ya mahusiano. Sasa mteja amekaa mbele yake, ashike ipi? Kupokea mteja, ridhaa na kutunza siri nachukulia unavijua.

Hatua ya 1: Chagua shina moja

Usianze na mbinu tatu. Shika moja unayoimudu, ambayo unaweza kumweleza mama mkulima kwa sentensi mbili akaelewa. Kwa mtu mwenye sonona mimi huanza na kurudisha shughuli: tunapanga mambo madogo aliyoyaacha, kama kwenda kikoba au kupalilia migomba nyuma ya nyumba, kwa siku na saa, kisha wiki inayofuata tunaangalia kilichofanyika na moyo ulikuwaje. Upendeleo huu una msingi. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake huko Marekani waliwagawa watu 150 wenye sonona katika makundi. Moja lilipata sehemu ya shughuli peke yake, jingine tiba nzima ya fikra na tabia. Tiba nzima haikuishinda sehemu yake. Basi kilicho rahisi kufundisha na kusimamia ndicho kitangulie.

Hatua ya 2: Chora tatizo

Karatasi moja: lilianzaje, nini kinaliendeleza, nani nyumbani anahusika. Mwonyeshe mteja, arekebishe.

Hatua ya 3: Pima, na upime vilevile kila mara

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Natumia dodoso la PHQ-9, linalopima uzito wa sonona: maswali 9, alama 0 hadi 27, na lipo kwa Kiswahili. Ugumu uko kwenye majibu. Linauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, na mteja achague kati ya hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Mtu aliyechoka hajibu hivyo. Atakwambia “mara nyingi tu, mwanangu,” nawe ubaki unakisia kama ni 2 au 3.

Usikisie. Weka punje 14 za maharage mezani, moja kwa kila siku. Kwanza mkubaliane kipindi kilianzia wapi: gulio la wiki juzi, au ibada ya Jumapili fulani. Kisha soma swali na umwombe asogeze punje za siku alizosumbuliwa. Punje 0 au 1 ni alama 0. 2 hadi 6 ni alama 1. 7 hadi 11 ni alama 2. 12 hadi 14 ni alama 3. Mgawanyo huu wa siku umeshatumika kwenye tafiti za PHQ-8, dodoso ndugu yake.

Ukianza na punje, endelea na punje hadi mwisho. Ukibadili katikati, alama zitahama na mteja yuko palepale. Pima kabla ya mazungumzo, maana aliyelia akafarijiwa atapunguza majibu ili asikuvunje moyo. Mkwe au mume asiwepo chumbani. Alama ya uchovu itapanda msimu wa kuvuna kahawa, na ya hamu ya kula itayumba Kwaresima au Ramadhani, kwa hiyo andika msimu pembeni. Halafu kuna Desemba: ndugu wote wanarudi mlimani, maneno ya kihamba (shamba la ukoo) yanaanza, na alama hupanda hata kwa mteja aliyekuwa akiendelea vizuri. Usibadilishe tiba kwa sababu ya Desemba.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Akisogeza hata punje moja, ingawa kwa hesabu ya juu ni alama 0, weka hatua hizi zote kando. Muulize waziwazi kama amepanga, hakikisha yuko na ndugu anayemwamini, dawa za shambani zifungiwe, na afike hospitali siku hiyohiyo.

Alama zichore kwenye karatasi ya miraba. Programu za simu zipo, lakini mimi nataka karatasi: mteja anaishika, anauliza, anabisha. Kushuka kwa alama 5 kunahesabika kuwa badiliko lenye maana. Moja au mbili usizishangilie.

Hatua ya 4: Ongeza kipande kimoja, kwa sababu

Mstari usiposhuka, kwanza angalia uhusiano wenu. Edward Bordin, mwaka 1979, aliugawa katika mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi za kufanya, na kuaminiana. Uliza yote matatu.

Kisha ongeza. Tuseme ni baba fundi ambaye hafanyi alichopanga kwa sababu jioni hupitia kilabuni kunywa mbege. Ukimhubiria umempoteza. Hapa ndipo mahojiano ya kuhamasisha yanapoingia:

“Baba, pombe inakusaidia nini?”

“Napata usingizi.”

“Na inakupotezea nini?”

“Pesa. Na mwanangu wa mwisho haniongeleshi nikirudi.”

“Kwa hiyo usingizi unapata, ila mtoto anakaa kimya.”

Nyamaza hapo. Mwache aseme mwenyewe kinachofuata.

Njia hii si ngeni kwetu: pale hospitali ya KCMC, majeruhi wanaokunywa pombe wamefanyiwa mazungumzo mafupi ya aina hii kwenye utafiti wa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Ila anayekunywa sana kila siku, na mikono humtetemeka asubuhi, asiache ghafla. Anaweza kupata degedege. Huyo aonwe na daktari kwanza. Mwingine akishaamua, rudi kwenye shina: jioni ile sasa aifanyie nini? Piga mstari wima kwenye chati siku ulipoongeza kipande. Ukiongeza viwili pamoja, hutajua kipi kilifanya kazi.

Hatua ya 5: Soma utafiti kwa kuangalia kundi la kulinganisha

Mfano uko mlangoni kwetu. Mwaka 2020 Shannon Dorsey na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 640 waliofiwa na wazazi, wa Moshi na wa Bungoma, Kenya. Wahudumu wasio wataalamu waliwapa baadhi yao tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe; wengine walipata huduma za kawaida, nao ndio kundi la kulinganisha. Baada ya miezi 12, Kenya waliopata tiba walikuwa bado mbele ya wenzao. Huku kwetu, waliopata huduma za kawaida walikuwa wamepata nafuu inayolingana na ya waliopata tiba.

Siyasomi matokeo hayo kama kushindwa kwa tiba. Yananizuia kuipa mbinu yangu sifa zote mteja anapopata nafuu. Kwa hiyo alama zikishuka nauliza: nyumbani nini kingine kimebadilika? Nitasikia shangazi amehamia, ada imelipwa, au amerudi kwaya. Kilichotajwa nakiandika kwenye chati kwa kalamu ya rangi nyingine, na kama ni kitu anachoweza kukiendeleza, wiki inayofuata kinaingia kwenye mpango wa shughuli.