Kuwatoa vijana nje ya kituo: taratibu za usalama, hatua kwa hatua

Maswali kuhusu kuwatoa vijana nje ya kituo yanarudi kila mwezi na nimechoka kuyajibu vipande vipande. Naandika yote mara moja. Ni kwa walezi wanaowasindikiza vijana walio chini ya ulinzi kwenda michezoni, kwenye mafunzo au shughuli nyingine. Kanuni za Havana, yaani kanuni za kuwalinda vijana walionyimwa uhuru, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, zinawaruhusu vijana hawa kutoka kituoni kwa ajili ya masomo, ufundi na sababu nyingine za maana. Kwa hiyo tusitafute visingizio vya kuwafungia ndani. Tujifunze kuwatoa vizuri.

1. Kibali cha maandishi cha mkuu wa kituo: majina, mahali, saa ya kutoka na ya kurudi.

2. Tathmini kijana mmoja mmoja, kisha rudia asubuhi ya safari kwa kuwauliza walezi wa zamu ya usiku. Simu mbaya ya nyumbani, ugomvi wa bwenini au tarehe ya kesi iliyokaribia hubadilisha hali ya mtu ndani ya saa chache.

3. Idadi ya walezi hufuata sheria zenu, lakini pimeni hivi: mlezi mmoja akiondoka na kijana aliyeugua, je, waliobaki bado wanatosha? Kama hawatoshi, ongezeni mlezi au punguzeni vijana. Dereva hahesabiwi.

4. Mtu aende kukagua mahali siku chache kabla: milango yote, vyoo, maegesho, na kama simu zinashika mtandao.

5. Gari lijazwe mafuta siku iliyotangulia ili msisimame njiani. Kufuli za watoto za milango ya nyuma (mlango usifunguke kwa ndani) zifanye kazi, mikanda itoshe kila kiti, spana na jeki zifungiwe mbali. Angalau mlezi mmoja akae nyuma kabisa.

6. Bahasha ya kiongozi wa msafara: orodha, namba za simu kwenye karatasi, mahitaji ya kiafya. Kipulizio cha pumu kisikae garini. Akibebe mlezi anayetembea na kijana huyo.

7. Kuhesabu na kukabidhiana. Niliwahi kuikosea hatua hii, ndiyo maana naieleza kwa urefu. Kijana hapotei mikononi mwa mlezi. Hupotea katikati ya walezi wawili, kila mmoja akidhani yuko kwa mwenzake. Kila mlezi awe na orodha yake ya majina. Anayemwachia mwenzake amtaje kijana kwa jina: "Nakuachia fulani." Mwenzake amtazame kijana usoni, kisha ajibu: "Nimempokea fulani." Kutikisa kichwa hakutoshi. Kusema "waangalie hawa" hakutoshi. Mpaka ujibiwe kwa jina, bado ni wako.

Hesabuni kila mnapovuka mlango: kupanda gari, kushuka, kuingia, kutoka, kabla na baada ya kula. Vijana wasimame. Ukihesabu kundi linalotembea, mmoja utamhesabu mara mbili na mwingine utamruka, na jumla itakuja sawasawa. Ndiyo hatari ya kuhesabu vichwa bila majina. Walezi wawili wahesabu kila mmoja peke yake, ndipo walinganishe. Zikitofautiana, hakuna anayesogea.

8. Choo: mlezi wa jinsia moja na kijana aingie kwanza, atazame madirisha na mlango wa pili, kisha asubiri nje ya mlango wa chumba. Faragha ya kijana ibaki.

9. Mkirudi: hesabu, upekuzi wa heshima, mlezi atembee hadi kiti cha mwisho cha gari, ripoti siku hiyo hiyo.

MASWALI

Swali: Mkuu, kwa vijana wanane tupeleke walezi wangapi?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Sisi huwafunga pingu wote, basi. Hayo mengine ya nini?
Jibu: Kanuni nilizozitaja zinaruhusu vifaa vya kumzuia mtu kwa hali za kipekee tu, njia nyingine zote zikiwa zimeshindikana, na si kama utaratibu wa kila safari. Gari likipinduka, aliyefungwa pingu atafunguaje mkanda? Kijana asiyeweza kwenda mchezoni bila pingu hajawa tayari kwa mchezo. Mrudishe hatua ya 2.

Swali: Samahani mwalimu, mmoja akitimua mbio, nimkimbize?
Jibu: Umeuliza jambo zito, ndugu. Usimkimbize kuelekea barabarani wala majini, maana anayefukuzwa haangalii magari. Mlezi mmoja amfuate kwa macho, amwite kwa jina kwa sauti ya kawaida. Wengine wakusanye kundi mahali pamoja na kuhesabu, kwa sababu wa pili huondoka wakati wote mnamtazama wa kwanza. Kiongozi apige simu kituoni papo hapo: saa, upande alioelekea, nguo. Ndiyo maana nguo za kila mmoja huandikwa asubuhi kabla ya kuondoka.

Swali: Na familia, tuwaambie tunakokwenda?
Jibu: Waambieni kuna safari. Saa na njia zibaki kwa walezi. Vijana nao waelezwe mapema kanuni na shughuli, lakini siku kamili waijue asubuhi ile.

Swali: Orodha yetu ililowa mvua, wino wote ukachuruzika.
Jibu: Tumieni penseli, na karatasi iwe ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha.

Swali: Nyongeza, wakuu: viatu. Akivaa vinavyombana, hatembei na kundi, hubaki nyuma.
Jibu: Kweli kabisa. Vikaguliwe pamoja na nguo, na mlezi wa mwisho asimpite kijana yeyote aliyeinama kufunga kamba.