Kabla hujafunga linki ya dishi kwa dishi, hasa inayovuka maji

Mafundi wenzangu mnaopewa kazi ya kurusha intaneti toka jengo moja kwenda jingine la mbali, hebu tulieni kwanza, maana naona watu wananunua vifaa alafu ndo wanauliza.

Panda juu mwenyewe uone upande wa pili kwa macho, ramani ya kwenye simu haikuonyeshi mwembe. Na kuona tu hakutoshi, mawimbi hayaendi kama uzi, yanatuna katikati: kwa masafa ya 5.8 GHz na kilomita 8 lile tumbo linafika kama mita 10 kila upande wa mstari, na asilimia 60 yake lazima iwe wazi. Minazi ikiingia humo umeumia.

60 GHz ina spidi kubwa kweli ila oksijeni peke yake inakula karibu desibeli 15 kila kilomita, bado mvua ya masika. Kilomita moja sawa, nane sahau. Masharti ya masafa kaulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kabla ya kulipia mzigo.

Piga hesabu ya siginali ukiwa bado chini. Kwa desibeli: nguvu ya redio 20, dishi zinaongeza 25 kila upande, njia ya kilomita 8 inakula kama 126, unatakiwa usome karibu -56. Ukisoma -70 usishuke, umekamata bawa la pembeni, yale mawimbi dhaifu yanayotoka ubavuni mwa dishi, zungusha dishi taratibu mpaka uipate.

Sasa hili la maji nisikilizeni vizuri. Tulifunga linki toka Unguja kwenda hoteli moja kisiwani, kilomita 8 bahari tupu, dishi karibu mita 19 juu ya maji pande zote mbili. Tukapima, safi, tukakabidhi. Baada ya siku chache napigiwa simu saa 4 asubuhi mtandao umekata, ikapita kama nusu saa ukarudi wenyewe. Kesho yake saa 5 kasoro dakika 10. Keshokutwa saa 5 na dakika 40. Usiku nao vilevile. Nikabadili rauta, nikabadili kebo, nikabadili chaneli, nikagombana na fundi umeme bure kabisa, hela ya mafuta ya boti inatoka mfukoni kwangu. Mzee mwenye ngalawa aliyekuwa akinivusha akaniuliza unakatika saa ngapi na saa ngapi, nikamsomea kwenye daftari, akasema, "Mwanangu, hiyo ni bamvua. Mtandao wako unakufa maji yakipwa."

Na kweli. Bamvua ni siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanajaa sana na kupwa sana. Bahari ni kioo, wimbi moja la redio linakwenda moja kwa moja na jingine linagonga maji linafika limechelewa kidogo, na bamvua likishusha maji mpaka chini kabisa yale mawili yanakutana yanafutana. Siku tulizopima ilikuwa maji mafu, hayapandi wala kushuka sana, tungeonaje? Dawa haikuwa kupandisha, tulishusha dishi zote mbili mpaka mita 11, tumbo la katikati likabaki wazi hata maji yakijaa, na haikukata tena. Kwa hiyo linki ya kuvuka maji iache ikirekodi siginali wiki mbili nzima, bamvua na maji mafu, ndo ukabidhi. Kama mteja ana haraka mwambie hivyohivyo, akinuna anune.

Mengine ni ya kawaida. Kebo ya nje, isizidi mita 100, na ukiiingiza ndani iache ining'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondoke. Waya wa ethi mpaka ardhini na kinga ya radi pande zote mbili. Nati na boliti za chuma kisichoshika kutu, chumvi ya pwani haina huruma. Betri ya akiba, upande wa pili pia, watu wanausahau. Mwenzako wa kule awe na simu yenye chaji. Mkanda wa usalama vaa hata kama ni dakika mbili, na wingu likianza kufunga shuka, usiseme namalizia nati moja.