Ingia kwenye bajeti kabla utafiti haujaanza

Mhariri wa kujitegemea anayesahihisha makala za watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, au wa vituo vya utafiti vya Entebbe na Kawanda, mara nyingi hulipwa kwa ukurasa, tena kutoka mfukoni mwa mtafiti, kwa sababu kazi humfikia fedha za mradi zikiwa zimekwisha. Anayetaka kuwa na kampuni ya mawasiliano ya sayansi aombe kushirikishwa wakati andiko la kuomba ufadhili linapoandaliwa. Wafadhili wengi hutaka mpango wa kusambaza matokeo, na kifungu hicho, kwa bahati mbaya, hujazwa dakika za mwisho kwa maneno kama "warsha na vipeperushi". Mpelekee mtafiti ukurasa mmoja wenye bei: muhtasari wa sera kwa wabunge, vipindi vya redio kwa Kiganda na Kinyankole kwa wakulima ambao migomba yao imeshikwa na mnyauko, michoro, na uhariri wa makala, ambao sasa unakuwa kipengele kimoja tu.

Usajili wa kampuni URSB (ofisi ya usajili ya Uganda) na namba ya mlipakodi kutoka URA (mamlaka ya mapato) vitangulie. Unapopanga bei, kumbuka kuwa taasisi zilizoteuliwa kukusanya kodi ya zuio hukata asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni 1, isipokuwa uwe na msamaha. Mwajiriwa wa kwanza, kwa maoni yangu, awe mtangazaji wa redio aliyezoea kuhoji wataalamu. Mhariri wa pili anaweza kusubiri.