Kabla Hujaulizwa kwenye Intavyu Ulivyotatua Tatizo la Dharura

Swali lenyewe huja kwa sura nyingi. "Tueleze siku uliyolazimika kutatua tatizo la ghafla." "Ungefanya nini lori letu likikwama Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na mteja anataka mzigo leo?" "Unafanyaje kazi ukiwa na presha?" Kwa kuwa swali linagusa haraka, wengi hulijibu kwa haraka: nilikimbia, nikapiga simu, mambo yakaisha, bosi akafurahi. Jibu la namna hiyo halimpi msaili kitu cha kushika. Yeye anataka kujua unavyofikiri muda ukiwa mfinyu: ulitazama nini kwanza, uliacha nini kisubiri, ulimwarifu nani, na ni wapi ulikataa kukimbia. Hilo la mwisho ndilo waombaji wengi hulisahau, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote. Nalo halizuki tu ukiwa umekaa mbele ya jopo, linaandaliwa nyumbani.

Anza kwa kuchagua kisa. Dharura ya kweli ni ile ambayo hukuitegemea, na ambayo kila saa inayopita inaongeza hasara. Hapa Uganda, Mei 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Kampala kwenda Masaka pale Katonga, magari yalilazimika kuzunguka kupitia Mpigi na Sembabule. Aliyekuwa na samaki au maziwa njiani siku ile alikuwa na dharura. Daraja la Karuma ni habari nyingine. Lilifungwa Septemba 2024 kwa matengenezo, na tangazo lilikuwa limetoka mapema. Ukisimulia jinsi ulivyohangaika kutafuta njia nyingine siku ya kufungwa, msaili mzoefu atakuuliza kwa upole kama hukusikia tangazo, na kisa ulichokileta ukijisifu kitageuka ushahidi kwamba hupangi kazi zako.

Kama hujawahi kuajiriwa, usiseme huna kisa. Umeuza kwenye duka la shangazi Kisenyi, umekaa kwenye kamati ya harusi mahema yakakosa kufika asubuhi ya sherehe, umeshika hazina ya chama cha wanafunzi. Msaili hapimi ukubwa wa tukio. Mahema yaliyopatikana kwa mpango mzuri yanamwambia mengi kuliko mradi wa mamilioni ambao wewe ulikuwa mtazamaji tu.

Sasa tuje kwenye mahali pa kutokimbia. Tuseme waombaji wawili wanataka kazi ya kusimamia ghala la dawa, na wote wanasimulia usiku umeme ulipokatika kwenye kituo cha afya huku friji imejaa chanjo. Chanjo nyingi za watoto huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wa kwanza anasema: "Nilitoa pakiti za barafu kwenye friza, nikazipanga kwenye boksi pamoja na chanjo, nikapanda boda mbio mpaka hospitali ya wilaya." Masikioni ni jibu tamu. Lakini mtu anayeijua kazi hiyo atashtuka, maana chanjo kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda, na barafu iliyotoka friza sasa hivi inaweza kuzigandisha kabla boda haijafika mbali.

Wa pili anasema: "Nilisoma kipimajoto, kilikuwa nyuzi 6, nikaandika na saa. Nikawaambia wenzangu mlango wa friji usifunguliwe. Pakiti za barafu nikazitoa na kuziacha mezani mpaka nikizitikisa nasikia maji yanacheza ndani. Nikiwa nasubiri, nikampigia msimamizi wa chanjo wa wilaya kuuliza ni friji ipi yenye nafasi." Huyu ametumia dakika nyingi zaidi, na ndiye aliyeziokoa chanjo. Tena angalia kwamba muda wa kusubiri barafu hakuupoteza, aliufanyia kazi ya simu.

Kila kazi ina mahali pa namna hiyo. Lori la transiti likiharibika Iganga likiwa na lakiri ya forodha, yaani muhuri unaofunga mzigo, kuhamishia mzigo kwenye lori jingine bila idhini ya Mamlaka ya Mapato ni kujitafutia kesi, hata kama mteja analia kwenye simu. Wakala wa pesa za simu akijiwa na mteja aliyetuma hela kwenye namba isiyo yake, hazirudishi kutoka kwenye droo ili kumtuliza, anamsaidia kuripoti kwa kampuni mara moja. Fundi wa umeme hagusi waya kabla ya kuzima na kupima, hata mwenye nyumba amfokee vipi. Itafute sheria moja ya kazi unayoiomba ambayo hairukwi hata moto ukiwaka, na hakikisha kisa chako kinapita hapo.

Kusimulia nako kuna utaratibu wake. Waajiri wengi hupenda jibu linaloanza na hali ilivyokuwa, likaja jukumu lako, kisha ulichofanya, kisha matokeo. Hali iwe sentensi mbili au tatu, maana watu wengi hupotezea dakika zao hapo, wakieleza kampuni ilianzishwa vipi na meneja alikuwa mtu wa aina gani. Muda mwingi upe ulichofanya. Halafu kuna jambo la malezi yetu: tumefunzwa kusema "tulifanya" hata pale mtu alipobeba peke yake, kwa kuogopa kuonekana mwenye majivuno. Barazani ni adabu nzuri, lakini kwenye intavyu jopo linaajiri mtu mmoja na linahitaji kujua mikono yake ilishika nini. Sema "mimi" kwa sehemu yako, na sehemu ya mwenzako itaje waziwazi kuwa ni yake. Kufanya hivyo si majivuno hata kidogo.

Matokeo yawe kitu kinachohesabika: chanjo ngapi zilipona, mteja alipata mzigo saa ngapi, hasara ilipungua kwa shilingi ngapi. Kama hukumbuki namba, eleza bila namba. Usibuni, kwa sababu swali la pili litakuja na utakwama. Majina ya wagonjwa, wateja na deni zao usiyataje. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, na msaili anayekusikia ukianika siri za watu wa huko ulikotoka anajua fika kwamba kesho utaanika za kwake.

Swali la "ungefanya nini" linataka maandalizi ya aina nyingine. Hapo huna kisa, una dhana tu, na kosa kubwa ni kuingia kwenye suluhisho bila kuuliza. Uliza jambo moja au mawili: kuna mtu hatarini? Mzigo ni wa kuoza? Nani ana idhini ya kutoa pesa? Kisha sema utaanza na lipi na kwa nini. Ijue pia historia ya sekta yenyewe. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani wakipinga vipimo vya korona, foleni ikarefuka upande wa Kenya na mafuta yakaadimika Uganda. Kampuni ya usafirishaji inayokuuliza habari za Malaba inauliza jambo lililowahi kuiumiza.

Fanya mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu. Usaili mwingi hapa kwetu ni wa Kiingereza, na kisa kinachotiririka kwa Kiswahili kinaweza kukwama kooni kikihamia lugha nyingine. Chunga hasa saa, kwa maana ukichanganya saa mbili usiku na saa nane, mfululizo wote wa tukio unavurugika na unaonekana mtu asiye na uhakika. Dakika mbili au tatu kwa kisa kimoja zinatosha.

Uwe tayari pia kwa swali linalofuata karibu kila mara: baada ya hapo ulibadilisha nini? Yule mwombaji wa pili, mwenye kisa cha chanjo, anaweza kujibu kwamba alibandika namba za simu za wilaya na za mwenye jenereta kwenye ukuta juu ya friji, akaomba pakiti za barafu zihesabiwe kila Ijumaa. Jibu dogo kama hilo hukumbukwa na jopo hata baada ya kuwasikiliza watu kumi.

Na ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza hili: tatizo likitokea usiku, nani hapa mwenye mamlaka ya kuamua, na mimi naruhusiwa kufika wapi bila kumsubiri? Jibu utakalopewa liandike. Kama hawana jibu, rudi nalo tena siku ya kusaini mkataba, kabla kalamu haijagusa karatasi.